Mbaazi Ukikosa Maua

Mwishoni mwa Agosti 2017 nilikuwa nimekaa chini ya mwembe pale Kitangari, nyuma ya mjomba wangu, kwenye mkutano wa hadhara. Nilikuwa nimechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni ya mkoa mwingine. Wenzangu walikuwa wameripoti tangu Julai. Mimi nilikuwa bado nyumbani, kwa sababu ada yangu, godoro langu, sare zangu na nauli ya basi vyote vilikuwa ndani ya magunia saba yaliyopangwa sebuleni kwa mjomba. Magunia hayo yalikuwa ya mbaazi, na mbaazi hazikuwa na mnunuzi.

Msimu uliotangulia kilo moja ilikuwa imeuzwa kwa zaidi ya shilingi elfu moja, na wapo waliopiga bati kwa mbaazi tu. Msimu huu mnunuzi wa kwanza alikuja kwa pikipiki, akachota kiganja kimoja guniani, akakitazama kama mtu anayetoa pole, akataja shilingi mia moja na hamsini. Mjomba alidhani amesikia vibaya. Akapiga hesabu kwa kidole juu ya vumbi la tangi la pikipiki: magunia saba, kilo mia kila gunia, laki moja na elfu tano. Hata vibarua wa palizi walikuwa wamekula zaidi ya hapo.

Mkutanoni mjomba alisimama, akavua kofia, akasema: "Mheshimiwa, tulihimizwa tulime mbaazi, tukalima. Sasa tufanyeje?" Mgeni aliyekuwa anazungumza, ambaye sitamtaja hapa kwa jina wala kwa cheo, alitabasamu. "Mzee wangu, wahenga walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Kisha akaeleza kwamba mkulima wa kisasa hutafuta soko mwenyewe na huongeza ubora, hakai akilalamika. Watu walicheka. Mjomba naye alicheka, akavaa kofia yake, akakaa. Kicheko kile cha mjomba ndicho nilichoondoka nacho.

Kwetu Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mtoto akikwama mjomba ndiye anayeulizwa. Wiki mbili baadaye aliniita, akanipa pesa ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa ameuza korosho zake kwa kangomba, yaani amepokea fedha mapema kwa bei ya kutupa wakati mikorosho ingali na maua. Oktoba mnada wa korosho ulipoanza, kilo ilikaribia shilingi elfu nne, bei ambayo wazee hawakuwahi kuiona, na korosho za mjomba hazikuwa zake tena. Nilisoma hilo gazetini, kwenye maktaba ya shule, nikiwa nimevaa sare zilizotokana na korosho hizo.

Leo nasoma shahada ya uzamili katika historia, na kwa miaka miwili nimekuwa nikifuatilia kichaka hiki kimoja cha maua ya njano. Nilianza nikitaka kujua nani alikuwa na makosa mwaka 2017. Nikajikuta narudi kwenye methali yenyewe, kwa swali ambalo sikumbuki kusikia mtu yeyote akiliuliza: je, mbaazi husingizia kweli?

*

Bibi yangu hana shamba la mbaazi. Ana shamba, na ndani yake kuna mibaazi. Tofauti hiyo alinifundisha nilipomfuata na daftari, nikauliza ana ekari ngapi za mbaazi, naye akanitazama kama niliyeuliza ana ekari ngapi za vivuli.

Mvua za kwanza zikishalowesha ardhi vizuri, Desemba au mwanzoni mwa Januari, anachimba mashimo kwa jembe dogo na kutia punje tatu kila shimo, kwa nafasi ya hatua moja kubwa, katikati ya mahindi na muhogo. Zikiota tatu anang'oa moja iliyo dhaifu. Miezi miwili ya kwanza mbaazi ni mche wa kudharauliwa. Mahindi yanaupita, magugu yanaufunika, na mtu asiyejua anaweza kuupalilia akidhani ni gugu. Kazi kubwa ya kuutunza iko hapo: palizi mbili, ya pili kabla mahindi hayajabeba. Baada ya hapo mahindi yanavunwa, jua linaufikia, na kichaka kinaanza kupanda hadi kumpita mtu kimo.

Wakati juu unaonekana umedumaa, chini mzizi unashuka. Kwenye Uwanda wa Makonde hilo ndilo jambo lenyewe. Uwanda huu hauna mto juu yake. Mvua inanyesha, inazama kwenye mchanga mwekundu, na maji yanatokea huko chini mabondeni, kwenye miteremko. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala kwa wiki kadhaa mwaka 1906 akikusanya habari za watu wa kusini, alishangazwa na watu walioishi mbali kiasi hicho na maji. Aliandika pia simulizi ya asili ya Wamakonde: watoto wa kwanza waliozaliwa karibu na mto walikufa, na aliyezaliwa juu uwandani, kwenye vichaka vikavu, ndiye aliyeishi. Bibi anaifahamu simulizi hiyo bila kumsoma Weule. Anafahamu pia bei yake, kwa sababu ujana wake aliumaliza akipanda mteremko na mtungi kichwani. Mmea usiodai ndoo hata moja ya maji kutoka kichwani mwa mwanamke una heshima yake hapa.

Mei ikikaribia kwisha maua yanafunguka. Ni ya njano, umbo lake kama ua la kunde, na mengine yana mistari myekundu mgongoni kama iliyochorwa kwa kalamu. Asubuhi kichaka kizima kinavuma nyuki. Majani yaliyokauka yameshatandaza zulia chini, na bibi hayafagii. Anasema ndiyo mbolea yake. Yuko sahihi, maana mbaazi, kama jamii yote ya kunde, huhifadhi mizizini bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, na majani yakioza udongo unapata sehemu yake. Julai tunachuma mbichi, tunazichemsha na maganda yake kwa chumvi, tunakaa uani tukizimenya kwa meno. Zilizobaki zinakauka mtini. Agosti na Septemba zinakatwa, zinaanikwa, zinapurwa kwa fimbo, zinapepetwa kwa ungo. Vijiti vinakuwa kuni.

Baada ya mavuno bibi hang'oi kila kichaka. Vilivyo na afya anavikata usawa wa goti, na mvua zikirudi vinachipua upya, ingawa mwaka wa pili huzaa kidogo kuliko wa kwanza. Ulionyauka ghafla ukiwa na majani mabichi, anaung'oa na kuuchoma moto, na shimo lile halitii mbaazi tena kwa misimu kadhaa. Wataalamu wanauita ugonjwa huo mnyauko fuzari, unaosababishwa na kuvu anayekaa udongoni kwa miaka. Kituo cha utafiti cha Ilonga, Kilosa, kimetoa aina zinazoustahimili, mojawapo ikiitwa Mali. Bibi anazo baadhi. Lakini kwenye uchaga juu ya jiko, ndani ya kibuyu chenye majivu, anaweka mbegu nyingine ambayo hakuipata kituoni.

Mbegu hiyo ina hadithi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa kuhamia vijijini, familia yake iliambiwa iondoke mahali walipokuwa wakiishi na kusogea kwenye kijiji cha pamoja. Mikorosho haihamishiki. Ilibaki mahameni, umbali wa kutembea nusu siku, na mwenye mikorosho asipokuwepo kupalilia, kuokota na kuzuia moto, mikorosho inarudi porini. Tanzania ilikuwa imefikia takriban tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74. Ndani ya miaka isiyozidi ishirini zilishuka hadi chini ya tani 20,000, na watafiti huitaja hiyo kuhamahama pamoja na bei mbovu na ugonjwa wa ubwiri unga kama sababu. Bibi alihama na vyombo, kuku, na pindo la kanga lililofungwa mbegu za mbaazi. Msimu uliofuata alikuwa na mboga. Hilo ndilo analoliweka kwenye kibuyu.

*

Kwa muda mrefu wasomi waliamini kwamba mmea huu ni wa Afrika. Alphonse de Candolle, mtaalamu wa mimea wa Uswisi aliyeandika katika karne ya 19 kuhusu asili ya mazao ya dunia, aliuweka kwetu. Palikuwa na sababu: uliota karibu kila mahali katika Afrika ya joto, mara nyingine kama umejiotea, na punje moja, moja tu, ilikuwa imepatikana ndani ya kaburi la Thebes nchini Misri, la enzi ya nasaba ya 12, karibu miaka 4,000 iliyopita.

Mizani iliinama upande mwingine katika miaka ya 1980, hasa kupitia kazi za Mholanzi L. J. G. van der Maesen. Aliyepanga ndugu wa porini wa mbaazi wote mezani aliona kwamba karibu wote wanaishi Asia na Australia. Aliye karibu zaidi na mbaazi wa shambani, Cajanus cajanifolius, anaota kwenye milima ya mashariki mwa India. Afrika ina ndugu mmoja wa asili, naye yuko magharibi. Kwa hiyo mbaazi ulifugwa India, kisha ukavuka bahari kuja kwetu, zamani kiasi kwamba hakuna anayemkumbuka aliyeuleta.

Haukuishia kwetu. Ulivuka Afrika na kupanda meli za watumwa hadi visiwa vya Karibi, ambako Wafaransa waliuita pois d'Angole, kunde ya Angola, na wengine wakauita wa Kongo, wakitaja walikotolewa watu walioujua. Malawi wanaziita nandolo. Puerto Rico wanaziita gandules, jina ambalo wanaisimu huliunganisha na kandulu la Kitelugu, kusini mwa India, na sikukuu haijawa sikukuu huko bila wali wenye gandules. Kwenye pwani yetu zinapikwa kwa nazi na kuliwa na maandazi asubuhi. Uwandani kwetu zinasindikiza ugali wa muhogo.

Naisimulia safari hiyo kwa sababu inaonyesha kitu ambacho mkutano wa mwaka 2017 ulikisahau. Mbaazi haujawahi kuwa mmea wa kijiji kimoja. Tangu mwanzo umekuwa mmea wenye ndugu ng'ambo, na kinachotokea ng'ambo kinaufikia.

*

Sasa nirudi kwenye maua.

Mwaka 1920 watafiti wawili wa Idara ya Kilimo ya Marekani, W. W. Garner na H. A. Allard, walichapisha matokeo yaliyobadilisha elimu ya mimea. Walikuwa na aina ya tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, iliyorefuka kiangazi chote bila kutoa ua. Walishuku joto, walishuku udongo na maji. Mwisho wakajenga kibanda cha giza, wakawa wanaiingiza humo saa kadhaa kila siku ili kuifupishia mchana. Ikatoa maua. Mwishoni mwa miaka ya 1930 watafiti wengine waligundua kwamba mimea ya namna hiyo, iliyoitwa mimea ya siku fupi, kwa kweli hupima usiku. Ukiuwashia taa kidogo katikati ya giza, unahesabu kana kwamba usiku haujatimia.

Mbaazi wa asili, ule wa msimu mrefu kama wa bibi, ni mmea wa siku fupi.

Kitangari iko karibu nyuzi 10 na nusu kusini mwa ikweta. Hapo siku ndefu kuliko zote, Desemba, ina mwanga wa karibu saa 12 na dakika 45. Siku fupi kuliko zote, Juni, ina karibu saa 11 na nusu. Tofauti ni saa moja na robo hivi, jambo ambalo sisi tulioishi hapo hatulioni kabisa. Mbaazi unaliona. Unapandwa Desemba mchana ukiwa mrefu, unajenga mizizi na matawi, na usiku ukirefuka vya kutosha unaacha kurefuka na kufungua maua. Ndiyo maana bibi husema ukichelewa kupanda hadi Machi, mbaazi utatoa maua ukiwa kwenye goti: usiku umeukuta haujakua, nao umetii. Watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya mazao ya maeneo makavu yenye makao makuu karibu na Hyderabad, walipanda aina mbalimbali nchini Kenya kuanzia pwani yenye joto hadi nyanda za juu zenye baridi, wakaona namna joto na urefu wa siku vinavyoamua pamoja. Aina iliyozoea mahali pamoja ikipelekwa pengine yaweza kuchelewa kwa wiki nyingi. Haijazembea. Imesoma saa ya mahali pasipo pake.

Nilipoelewa hilo, usiku mmoja maktabani Dar es Salaam, nilicheka peke yangu hadi aliyekaa meza ya pili akaniangalia. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kumbe kati ya mimea yote ambayo wahenga wangeweza kuichagua kuwa mfano wa mtoa visingizio, walichagua ule ambao maua yake yamefungwa kwenye mwendo wa jua. Mbaazi ukisema ni jua, una haki ya kusikilizwa.

Sisemi methali ni ya uongo. Methali haikutungwa kwa ajili ya somo la baiolojia, na visingizio vipo. Mimi mwenyewe nimewahi kusingizia umeme kwa kazi ambayo sikuifanya. Tena bibi ataongeza sababu nyingine za mbaazi kukosa maua: umepandwa chini ya mkorosho, umeliwa vitumba na funza, maji yamesimama kwenye mizizi. Nyingine ni za mkulima, nyingine ni za mbingu. Nachosema ni kwamba methali inampa anayecheka ruhusa ya kutouliza. Mara ikishatamkwa hakuna anayekwenda kuangalia jua.

*

Basi niliamua kuangalia jua la mwaka 2017.

India inalima mbaazi nyingi kuliko nchi yoyote duniani, inakula nyingi kuliko nchi yoyote, na isipojitosheleza hununua, sehemu kubwa kutoka Myanmar na Afrika Mashariki. Huko zinakobolewa, zinapasuliwa na kupikwa dali, chakula cha kila siku cha mamilioni ya watu, wengi wao wasiokula nyama. Mwaka 2015, baada ya misimu miwili ya mvua haba, kilo moja ya dali ya mbaazi ilifika rupia 200 madukani. Ikawa habari ya siasa. Serikali ilihimiza wakulima wake walime zaidi, na ilitafuta wauzaji wa uhakika nje.

Julai 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alizuru nchi nne za Afrika. Tarehe 7 alikuwa Maputo, na huko Msumbiji na India zilitia saini makubaliano: India ingenunua jamii ya kunde ya Msumbiji, hasa mbaazi, kuanzia tani 100,000 na kupanda mwaka hadi mwaka hadi tani 200,000 ifikapo 2020/21. Tarehe 10 alikuwa Dar es Salaam. Picha zilipigwa, na mikataba mingine ilisainiwa. Mkataba kama ule wa Maputo wa kununua mbaazi zetu kwa kiasi kilichopangwa haukuwemo.

Mvua zikarudi India. Msimu wa 2016/17 wakulima wake walivuna karibu tani milioni 4.8, karibu maradufu ya mwaka uliotangulia. Bei ikaanguka kwao kwanza. Mkulima wa Maharashtra aliyekuwa amehimizwa kulima mbaazi naye alisimama mbele ya magunia yake bila mnunuzi, na ninaamini kuna mtu aliyemtolea methali. Ili kumlinda, tarehe 5 Agosti 2017 serikali ya India ilitangaza kikomo: mbaazi zitakazoingizwa kwa mwaka zisizidi tani 200,000. Makubaliano ya serikali kwa serikali hayakuguswa.

Tarehe 5 Agosti. Kwa mkulima wa Mtwara na Lindi hapo mbaazi ziko mtini zikimalizia kukauka, au ziko uani zikipurwa. Mbegu ilitiwa ardhini Desemba, mlango ukiwa wazi. Maua yalifunguka Juni, mlango ukiwa wazi. Ukafungwa punje zikiwa kwenye ungo.

Ukitaka kuelewa maana ya mstari mmoja kwenye karatasi ya makubaliano, nenda Newala mjini, simama ukingoni pale Shimo la Mungu, mahali uwanda unapokatika ghafla. Chini kabisa, ng'ambo ya bonde, utaona Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Huko nako ni Wamakonde. Shangazi wa watu wako huku na wajomba wako kule. Wanalima mbaazi ileile, kwenye jua lilelile, zikitoa maua wiki zilezile. Za upande wa kule zilikuwa na makubaliano. Zetu hazikuwa nayo. Hakuna palizi ambayo mjomba angeweza kuipiga ikabadilisha hilo.

Nikiwa mkweli, si kila kitu kilitoka mbali. Tulikuwa tumeiacha tabia ya bibi. Bei ya 2015 na 2016 iliwafanya watu, mjomba akiwemo, waondoe muhogo na mahindi ili kupanda mbaazi mtupu, kwa mistari, ekari baada ya ekari. Mwaka ule nyumba ya bibi ilikula. Nyumba ya mjomba ilikuwa na magunia saba ya mbaazi na ikanunua unga. Wapo waliowaambia wakulima wazile basi hizo mbaazi, na wengi walikasirika. Hasira yao naielewa, maana mtu aliyelima ili alipe ada huwezi kumwambia aile ada. Lakini bibi hakukasirika. Alipika.

Mei 2021 India iliondoa kikomo na kuruhusu mbaazi ziingie, kwanza kwa miezi michache, kisha ikawa inaongeza muda. Bei zikapanda taratibu. Siku hizi mbaazi zetu zinapita kwenye vyama vya msingi na ghala, chini ya stakabadhi ghalani, zinauzwa kwa mnada kama korosho. Usiku mmoja wa mwaka 2023 mjomba alinipigia simu, jambo asilolifanya kwa sababu anaogopa kunikatiza masomo, akanitajia bei ya mnada wa siku ile. Aliirudia mara mbili. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Ungekuwa unaingia kidato cha tano mwaka huu."

*

Juni 2025 nilikwenda Kitangari. Mibaazi ilikuwa na maua. Nilimkuta bibi amekaa kwenye mkeka, nikamwamkia, nikamweleza habari ya usiku: kwamba mbaazi hupima giza, kwamba wazungu walijenga kibanda kuthibitisha, kwamba methali haikumtendea haki. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu anayompa mtu aliyetoka safari.

"Na hayo ya usiku, mjukuu wangu," akauliza, "yanaongeza debe?"

Nilisema hapana, hayaongezi.

"Basi ni mazuri," akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Mjomba alikuja jioni. Yeye nilimpa habari nyingine. Mwezi Januari India ilikuwa imeongeza tena muda wa mbaazi kuingia bila ushuru, safari hii hadi tarehe 31 Machi 2026. Nilimchorea chini kwa kijiti. Mavuno haya ya mwaka huu yako ndani ya muda. Lakini mbaazi atakazopanda Desemba zitatoa maua Juni 2026, na tarehe hiyo itakuwa imepita miezi miwili. Huenda wataongeza tena, wamekuwa wakiongeza. Huenda mvua zitanyesha vizuri Maharashtra.

Aliutazama mchoro kwa muda. Nilitegemea aulize nini kifanyike, na nilikuwa nimejiandaa kumjibu habari za makubaliano ya serikali kwa serikali, za viwanda vya kukoboa hapahapa nchini, za mambo tunayoyajadili kwenye semina. Hakuuliza.

"Yule mheshimiwa wa ule mkutano," akasema. "Alijua habari ya tarehe tano Agosti?"

Nilimwambia kwamba tangazo lilitoka wiki tatu kabla ya mkutano, na magazeti yaliliandika.

"Kwa hiyo alijua."

"Sijui mjomba. Alipaswa kujua."

Akaufuta mchoro kwa kandambili. Asubuhi yake nilimkuta kwenye kona ya shamba lake iliyo karibu na barabara, ile aliyoipanda mbaazi mtupu miaka yote hii. Alikuwa anapima kwa hatua, akichomeka vijiti. Nikamuuliza anafanya nini. Alisema anaangalia mashimo ya muhogo yatakaa wapi, Desemba ikifika. Nyuma yake mibaazi ilikuwa ya njano tupu, na nyuki walikuwa wameshaanza kazi.